Kabla sera ya afya haijapitishwa, tujue nani ataachwa

Sisi tunaopitia mapendekezo ya sera za afya hupokea malalamiko mawili mara kwa mara. Maofisa wanasema tathmini ya usawa, yaani uchunguzi wa nani atanufaika na sera na nani ataachwa, inachelewesha huduma. Wananchi wanasema serikali ikitaja usawa wa afya huwa inawapendelea maskini na kuwasahau wengine. Pande zote mbili zina nia njema. Lakini kazi hii inaeleweka vibaya, na ni afadhali ieleweke sasa, wakati mabaraza na wizara nyingi zinadai tathmini hiyo kabla ya kuidhinisha fedha.

Tuanze na wananchi. Mwaka 1967 ulianza nchini Uingereza utafiti uliofuatilia afya ya watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 jijini London, wote wanaume. Wote walikuwa na ajira na mshahara, na nchi yao ilikuwa na huduma ya taifa ya afya iliyo wazi kwa kila mtu. Hata hivyo watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na katikati hapo vifo vilipungua hatua kwa hatua kadiri cheo kilivyopanda. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo pengo la afya haliwagawi watu katika mafungu mawili, maskini huku na wengine kule. Linapita katika jamii nzima, na mwenye kipato cha kati naye hupoteza miaka ya uhai akilinganishwa na aliye juu yake.

Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, mtaalamu wa afya ya jamii wa Uingereza, ilitoa ripoti yake mwaka 2008. Ilielekeza macho kwenye mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua, hufanya kazi na kuzeeka, na kwenye mgawanyo wa madaraka, fedha na rasilimali unaoyaumba mazingira hayo. Mwaka 2010 mapitio mengine ya Marmot, haya ya Uingereza, yalipendekeza kanuni ambayo leo hutumika kwingi: huduma iwe ya watu wote, na uzito wake uongezeke kadiri uhitaji unavyoongezeka. Bajeti isipokua, ni kweli kwamba nyongeza haitakwenda sawa kila mahali. Hilo tunalisema wazi. Ila kuliita upendeleo ni kusahau kwamba mgawanyo uliopo nao ulipangwa na watu, na mara nyingi umeelemea upande wa wenye nacho. Daktari Julian Tudor Hart aliandika hivyo tangu mwaka 1971: huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale pale ambapo uhitaji wake ni mkubwa.

Sasa maofisa. Tathmini inadaiwa kwa sababu sera njema huweza kupanua pengo, na kwa kawaida hulipanua mwanzoni. Mwaka 2000 mtafiti Cesar Victora wa Brazil na wenzake walionyesha kwamba mpango mpya wa afya huwafikia kwanza wenye uwezo, na maskini huanza kunufaika baadaye, wenye uwezo wakiwa wamekaribia kikomo cha kunufaika. Kliniki mpya humfaa kwanza anayeishi karibu nayo, anayesoma matangazo, na asiyekatwa ujira akikosa kazini siku moja. Hakuna aliyekusudia ubaya, na pengo limepanuka.

Hapa ndipo tunapoomba jambo moja kwa msisitizo: sentensi ya «elimu itatolewa kwa wananchi» isiendelee kuwa jibu la kila tatizo. Elimu ni muhimu, lakini ili imfae mtu lazima aipate, aielewe, awe na muda, awe na fedha, na aendelee kufuata ushauri siku baada ya siku. Katika kila hatua hiyo wenye kidogo hupungua zaidi kuliko wenye vingi. Kinyume chake, hatua zinazobadilisha mazingira humfikia mtu bila kumdai juhudi kubwa. Kutia madini joto katika chumvi yote kiwandani hakumtaki mama asome kipeperushi. Tuta la kupunguza mwendo barabarani humlinda mtoto awe wa nani. Kodi ya tumbaku nayo imo katika kundi hili. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wenye kipato kidogo ndio hupunguza zaidi. Tahadhari ni kwamba asiyeweza kuacha atabaki akilipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, kwa hiyo kodi hiyo iambatane na huduma ya bure ya kumsaidia aache.

Ada za matibabu zina somo lake. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na maskini wakaongezeka vituoni. Lakini dawa zilipokosekana waliambiwa wakanunue madukani, na mzigo wa gharama kubwa kwa kaya maskini haukupungua kama ilivyotarajiwa. Anayependekeza kufuta ada aonyeshe mambo matatu kwenye andiko hilo hilo: mapato ya ada yatafidiwa na nini na kuanzia mwezi gani, dawa zitaongezwa kwa kiasi gani kukidhi ongezeko la wagonjwa, na nauli, ambayo kwa wanaoishi mbali huweza kuzidi ada yenyewe, itashughulikiwa vipi. Msamaha wa ada unaotolewa kwa barua ya kuthibitisha umaskini tunaupokea kwa shaka. Wengi wanaostahili hawaombi, ama kwa kutojua, ama kwa aibu, ama kwa sababu kuitafuta barua kwenyewe ni gharama.

Kipimo nacho huvurugwa sana. Andiko likisema «pengo limepungua», tunauliza: pengo lipi? Chukua vifo vya watoto 100 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kundi maskini zaidi, na 40 katika kundi tajiri zaidi. Baada ya mpango, la kwanza limeshuka hadi 60 na la pili hadi 20. Tofauti kamili imepungua kutoka 60 hadi 40, lakini uwiano umepanda kutoka mara 2.5 hadi mara 3. Majibu yote mawili ni ya kweli. Anayeripoti moja na kuficha jingine anapotosha, kwa hiyo tunadai yote mawili, pamoja na viwango vya makundi yote matano ya utajiri, yaani kaya zikipangwa kutoka maskini hadi tajiri na kugawanywa sehemu tano sawa. Kutaja lile la juu na la chini peke yake huficha kinachotokea katikati.

Takwimu za vituoni pekee hazitoshi, kwa kuwa zinahesabu waliofika. Aliyekufa nyumbani hayumo. Zaidi ya hapo, eneo linaloandikwa mara nyingi ni la kituo na si la makazi ya mgonjwa, basi hospitali ya mjini huonekana kana kwamba wagonjwa wote ni wa mjini. Ukiona chanjo imefikia asilimia 108, usishangilie. Kwa kawaida idadi ya watoto iliyotumika kama kigawanyo ni makadirio ya sensa ya zamani, au watoto wa eneo jirani wamehesabiwa hapo. Na huwezi kujua ni mtoto yupi hakuchanjwa.

Ukubwa wa sampuli ndio unaorudisha maandiko mengi. Utafiti wa kaya 300 huonekana mkubwa, lakini ukizigawa katika makundi matano unabaki na kaya 60 kwa kila kundi. Ikiwa unachopima kinawagusa karibu asilimia 50 ya kaya, takwimu ya kila kundi itakuwa na kosa la sampuli la takriban pointi 13 za asilimia juu au chini, na ukilinganisha makundi mawili kosa la ile tofauti hukaribia pointi 18. Kaya zikichaguliwa kwa vishada, yaani mitaa au vijiji vichache na kaya kadhaa katika kila kimoja, kosa huzidi hapo. Kwa kosa la pointi 5 unahitaji kaya karibu 400 katika kila kundi. Fedha zikiwa hazitoshi, punguza idadi ya makundi au unganisha takwimu za miaka mitatu, kisha useme umefanya hivyo. Kundi likiwa na watu chini ya watano wenye ugonjwa fulani, usichapishe idadi yao, maana katika eneo dogo watatambulika.

Kielelezo cha utajiri kinachotokana na mali za kaya pia kina mtego. Umeme na bomba la maji ndani hufuata mji kuliko utajiri, hivyo mkulima mwenye mifugo mingi huweza kuangukia kundi la chini kuliko mpangaji wa chumba kimoja mjini. Pima mjini na kijijini kwa vielelezo tofauti, au angalau onyesha matokeo ya kila upande.

Utaratibu wenyewe si mrefu kama unavyodhaniwa. Kwanza ni upembuzi wa awali, fomu fupi inayojazwa kwa siku moja au mbili: sera inagusa nini, nani ananufaika mapema, nani anaweza kuachwa, na je, athari hiyo inastahili uchunguzi zaidi. Mapendekezo mengi huishia hapa, yakiwa na sababu zilizoandikwa. Yanayoendelea huwekewa mipaka, yaani makundi gani, eneo gani, muda gani, na nani atakaa kwenye kamati ya usimamizi. Hufuata ushahidi, kisha mapendekezo ya kurekebisha sera, na mwisho ufuatiliaji. Tathmini ya haraka huchukua wiki chache na ile kamili huchukua miezi. Ucheleweshaji tunaolaumiwa nao huanza pale tathmini inapoletwa baada ya bajeti kufungwa na mkandarasi kuteuliwa. Hapo kila pendekezo la marekebisho ni mgogoro, na tathmini inageuka muhuri tu. Ileteni rasimu ikiwa bado rasimu.

Na haihusu wizara ya afya peke yake. Huko Quebec, jimbo la Kanada, kifungu cha 54 cha sheria ya afya ya jamii ya mwaka 2001 kinazitaka wizara nyingine zishauriane na Waziri wa Afya zinapotunga sheria au kanuni inayoweza kuathiri afya ya watu kwa kiasi kikubwa. Nchini Norway, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012 inazitaka manispaa ziwe na picha ya hali ya afya ya wakazi wao na mambo yanayoiathiri. Nyumba, usafiri, ajira na shule huamua afya kabla mgonjwa hajafika kwa daktari, na hatuoni sababu ya wizara zinazohusika kulijadili hilo kila mwaka kama jambo geni.

Kuhusu adhabu, andiko lisilo na takwimu za makundi hurudishwa, na penye sheria au masharti ya ruzuku fedha huzuiwa mpaka lirekebishwe. Kubuni takwimu ni suala jingine kabisa na hupelekwa kwenye vyombo vya nidhamu au vya jinai kulingana na sheria ya mahali. Pamoja na hayo, tunashauri tahadhari kubwa kabla ya kukata fedha za eneo kwa sababu limeshindwa kufikia lengo. Anayeumia ni mgonjwa wa eneo lile lile lililokwisha kuachwa nyuma. Vivyo hivyo malipo kwa vituo kulingana na idadi ya waliohudumiwa: kituo kitahesabu walio karibu na rahisi kuwapata. Malipo yakiwa lazima, yawe na nyongeza kwa kila mteja wa eneo la mbali au wa kundi lililobaki nyuma, na nyongeza hiyo ilingane na gharama halisi ya kumfikia.

Kanuni za kugawa bajeti zina kosa linalojirudia, nalo ni kutumia mahudhurio ya miaka iliyopita kama kipimo cha uhitaji. Maeneo yasiyo na kituo yana mahudhurio madogo, hupewa kidogo, na mwaka unaofuata mahudhurio yanabaki madogo. Tumieni idadi ya watu iliyopimwa uzito kwa umri, vifo vya mapema, umaskini na umbali. Badilisheni kwa awamu ya miaka kadhaa, ili eneo linalopungukiwa lisilazimike kufunga huduma ghafla.

Mwananchi au chama cha kijamii kinachotaka kutoa maoni kuhusu rasimu ya sera kina nafasi kubwa kuliko kinavyodhani, ila maoni ya «sera hii haina haki» hatuwezi kuyafanyia kazi. Taja kifungu cha rasimu. Taja kundi litakaloachwa na kizuizi chake: umbali kwa saa za mwendo, saa za kufunguliwa kituo, lugha ya fomu, hati inayodaiwa, njia isiyopitika kwa kiti cha magurudumu. Pendekeza maneno mbadala ya kifungu hicho. Peleka kabla ya siku ya mwisho, na uhifadhi nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Kamati nazo zisiridhike na kuwasikiliza viongozi peke yao. Wafanyakazi wa zamu, wanawake wanaolea peke yao na watu wenye ulemavu wafuatwe waliko, kwa saa wanazoweza, na nauli yao ilipwe.

Ukitozwa ada katika huduma iliyotangazwa kuwa bure, andika tarehe, kituo, aina ya huduma na kiasi, na uambatishe stakabadhi kama ulipewa. Ukinyimwa stakabadhi, andika hivyo. Usitaje ugonjwa wa mtu mwingine. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako, kwa sababu malalamiko yenye namba ndiyo yanayoweza kuhesabiwa kwa eneo na kwa kundi, na ndiyo tunayoyarudia sera inapofika wakati wa kupimwa upya.