Bati nyingi haimaanishi bronzi imara zaidi

Wengi huamini kwamba kadiri bati inavyoongezwa kwenye shaba, ndivyo bronzi inavyozidi kuwa imara. (Bati hapa ni metali yenyewe, si mabati ya kuezekea.) Hilo ni kweli mwanzoni tu. Atomu za bati ni kubwa kuliko za shaba. Zikichukua nafasi za baadhi ya atomu za shaba huupinda mpangilio mzima, na tabaka za atomu hazitelezi tena kwa urahisi. Nguvu ya bronzi inatoka hapo. Yenye bati asilimia 5 hadi 8 bado hufuliwa ikiwa baridi bila kupasuka.

Bati ikizidi, hasa kupita asilimia 15, huzuka kwa wingi fuwele ngumu lakini zinazovunjika upesi. Bronzi ya kengele, yenye bati kama asilimia 20 hadi 25, hulia vizuri ajabu, ila ikianguka vibaya hupasuka. Ugumu si uimara! Kuchanganya haya mawili ndiko kunakopotosha watu.

Risasi (metali yenyewe, si ya bunduki), kwa upande wake, hubaki matone madogo ndani ya bronzi: hupunguza nguvu, lakini hurahisisha ukerezaji. Na zipo bronzi za alumini, imara sana, ambazo kwa kawaida hazitegemei bati kabisa.