Chipu ya mwanga na faiba ya Tanga: ufunguo wa siri hupotelea wapi?

Anayetaka kudukiza faiba, ule uzi wa kioo unaosafirisha mawasiliano kwa mwanga, hahitaji kuikata. Anaikunja kidogo tu, mwanga unavuja, ananakili. Asipoweza kuusoma msimbo leo, anaweka akiba akingoja kompyuta za kesho.

Mwaka 1984 wanasayansi Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza namna ya kumuumbua: ufunguo wa msimbo utumwe kwa fotoni (chembe za mwanga) moja moja, maana fotoni hainakiliki. Mdukizi akizikamata zote, akazipima na kutuma nyingine badala yake, takriban robo ya biti za ufunguo huharibika. Makosa yakipita asilimia 11 hivi, ufunguo hutupwa.

Vifaa vya kazi hiyo vilikuwa vikijaza meza. Siku hizi leza huundwa kwenye chipu ya indiamu fosfaidi, kemikali yenye uwezo wa kutoa mwanga, na njia za mwanga huchorwa kwenye silikoni, upana wake nanomita 500 hivi. Chipu ya namna hiyo hutoa hata mapigo ya mwanga bilioni moja kwa sekunde.

Ila chipu haifupishi safari. Faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha kufifia kwa mwanga) kwa kilomita. Tuseme Tanga hadi Muheza ni kilomita 35 za kebo: desibeli 7, yaani fotoni moja tu kati ya tano ndiyo inayofika. Hadi Dar es Salaam, kilomita 350, inafika moja kati ya milioni kumi! Amplifaya hapa haisaidii, kwani huharibu hali ya fotoni ileile inayoikuza. Kinachowezekana ni vituo vya kati vya kupokea ufunguo na kuutuma upya, na kwa kuwa humo unasomeka, viwe na kufuli na mlinzi wa kuaminika.

Kasi nayo hukwama kwa mpokeaji. Kigunduzi, yaani kifaa cha kuhesabu fotoni zinazofika, kinachopumzika mikrosekunde 10 baada ya kila fotoni hakiwezi kuhesabu zaidi ya 100,000 kwa sekunde, hata chipu ikimbie vipi.

Halafu kuna joto la pwani. Rangi ya leza husogea nanomita 0.1 hivi kwa kila digrii, kwa hiyo kipoozeo ni lazima. Kigunduzi chenyewe hupoozwa chini ya sifuri. Kifuniko kikipitisha hewa yetu yenye unyevu, umande hutua kwenye kioo na hesabu huporomoka.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa ni uchafu. Kiini cha faiba kina mikromita 9 tu, chembe moja ya vumbi yatosha kukiziba. Fundi akague konekta kwa darubini, aifute kwa kitambaa maalumu kikavu (si kwa shati), aikague tena, ndipo achomeke. Uchafu wa desibeli 3 hula nusu ya fotoni, sawa na kuongeza kilomita 15 za kebo.