Kabla ya kuagiza yufoniamu ghali kuliko zote, pima F ya juu

"Shikamoo mwalimu. Safari hii pesa siyo tatizo, tuletewe ile ghali kuliko zote." Nimeulizwa tena mwezi huu kuhusu yufoniamu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na sasa naandika ili jibu likae mahali pamoja. Watu wa matarumbeta wa makanisa ya hapa Dar huchanga kwa muda mrefu. Inauma kuona mchango wao unaishia kwenye chombo kinachong'aa lakini kila Jumapili kinagombana na kinanda. Bei ya yufoniamu ikishafika kiwango cha vyombo vya kitaalamu, haisemi tena chochote kuhusu pichi, yaani kimo cha sauti. Inasema kuhusu saa za fundi, fedha iliyopakwa, nakshi, na jina lililochongwa kwenye beli, ule mdomo mpana wa chombo. Mbili zenye bei sawa zinaweza kupishana vibaya kwenye noti zile zile unazozihitaji.

Nipite haraka kwenye mambo ambayo pesa ikiwepo hayana mjadala. Unataka valvu nne, yaani vitufe vya kubonyeza: tatu juu kwa mkono wa kulia, ya nne ubavuni kwa mkono wa kushoto. Unataka mfumo wa kufidia, nitaueleza hapo chini. Unataka bomba la karibu milimita 15 kwenye valvu tatu za kwanza, pana zaidi kwenye ya nne, na beli ya inchi 11 au 12. Katalogi isome kwa makini: "Bariton" ya Wajerumani, ile ya umbo la yai, ni ndugu wa karibu wa yufoniamu, lakini "baritone" ya Waingereza ni chombo kingine chenye bomba jembamba na sauti nyepesi. Tena Wajerumani wakiandika "in B" wanamaanisha B-flati; B bila flati wao huiita H. Ukiagiza kwa jina tu, utaletewa kisicho chako.

Sasa mfumo wa kufidia, maana hapa ndipo uongo unapoanzia. Slaidi ya kila valvu, yaani kipande chake cha bomba kinachovutika, imekatwa kwa kipimo cha chombo ambacho valvu nyingine hazijabonyezwa. Ukibonyeza ya 1 na ya 3 pamoja, bomba unaloongeza halitoshi urefu. Kama slaidi ya 3 imekatwa semitoni tatu kamili, 1+3 inapanda karibu senti 30 za pichi (semitoni moja ni senti 100), na 1+2+3 inapita senti 50. Zote nne pamoja zinapanda karibu senti 175. Ndiyo maana kwenye yufoniamu ya valvu nne isiyofidia, B ya chini kabisa, bila flati, haipo. Unabonyeza zote na kinachotoka kiko kati ya C na C-shapu.

David Blaikley wa Boosey & Co., London, alibuni dawa yake mwaka 1874. Ukibonyeza ya nne, upepo unapita kwenye valvu, kisha unarudishwa mara ya pili kwenye vijibomba vilivyo nyuma ya valvu hizo hizo, na kila iliyobonyezwa inaongeza kipande chake kidogo. Noti za chini zinakaa sawa. Gharama yake ni uzito, upinzani wa upepo ukiwa chini, na maji yanayojikusanya kwenye vijibomba vya nyuma. Hayo mara nyingi hayatoki kwa kitufe cha maji; unachomoa slaidi au unageuza chombo kizima.

Lakini mfumo huu haugusi noti za juu. Narudia, haugusi. Watu wananunua yufoniamu inayofidia wakiamini pichi yote imeshapona, halafu F iliyo juu ya mistari ya besi inapanda na wanamlaumu mpigaji. Ile F hupigwa bila kubonyeza valvu yoyote. Ni hamoniki ya sita, yaani ya sita katika ngazi ya noti ambazo bomba lile lile hutoa kwa midomo tu, na E (valvu ya 2) na E-flati (valvu ya 1) zinatoka familia hiyo hiyo. Kwa maumbile, hamoniki ya sita inapanda senti 2 tu kulinganisha na kinanda, sikio la msharika haliwezi kuzilalamikia. Zote zinazozidi hapo zimetoka kwa mtengenezaji na kwa mausipisi, kile kipande cha kupulizia: jinsi bomba linavyopanuka, bomba la kuingizia upepo, kina cha kikombe. Hamoniki ya tano, D, kwa maumbile iko chini kwa senti 14, kwa hiyo ikishuka kidogo usishangae. F ikipanda senti 20 uwe na wasiwasi, bila kujali umelipa kiasi gani.

Tiba zipo tatu. Ya kwanza ni trigga ya slaidi kuu, kama iliyopo kwenye Besson Prestige: kidole cha kushoto kinasukuma slaidi nje, springi inairudisha. Ya pili ni kubadilisha vidole, F kwa valvu ya 4 badala ya kuiacha wazi. Inakaa chini zaidi, ila rangi ya sauti inabadilika, na kwenye mwendo wa kasi vidole vinajikwaa. Ya tatu ni midomo, na hiyo inachoka kabla ya ubeti wa nne. Mimi naipenda trigga kwa anayepiga akiwa amekaa kanisani. Kwa chombo kitakachopigwa juu ya pikapu inayoongoza msafara wa harusi kutoka Ubungo hadi Mbezi, viungo vyake vidogo ni vitu vingine vya kupinda, na kipuri chake hukipati Kariakoo.

Halafu joto, ambalo katalogi za Ulaya hazilizungumzii kwa sababu kule halisumbui hivi. Hewa ikipata joto, sauti inakwenda kasi zaidi na pichi inapanda, karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja kama hewa yote ya bombani ingefuata joto la nje. Haifuati yote, maana pumzi yako imeshaipasha ya mwanzo. Hata hivyo, ukitoka chumba cha nyuzi 20 kuja Februari ya Dar yenye nyuzi 32, unapanda kiasi cha kusikika. Kinanda cha umeme hakipandi: A yake ni hezi 440 Januari, 440 Julai. Kwa hiyo unatoa slaidi kuu. Ukiitoa milimita 25 umeongeza milimita 50 za bomba, na slaidi za valvu sasa ni fupi mno kwa chombo hicho kirefu. Zitoe pia: ya 2 milimita 1.5, ya 1 milimita 3, ya 3 milimita 5, ya 4 milimita 8. Hii hatua ndiyo inayorukwa, halafu chombo kinasingiziwa.

Hapo ndipo penye mtego wa kununua. Yufoniamu ambayo dukani Ulaya inakaa 440 wakati slaidi kuu imeshatolewa sentimita 3, huku kwetu haina pa kukimbilia. Kabla ya kulipa, uliza au upime: ikiwa kwenye 440, imebaki slaidi kiasi gani ndani?

Kuhusu majina, nitasema ninavyoona. Besson Prestige ina sauti pana na nzito, inabeba bendi ya mapokeo ya Kiingereza, lakini familia ya F ndiyo sababu iliyowekewa trigga. Yamaha YEP-842 inajibu kwa wepesi na noti zake zimelingana. Kwa anayepiga na kwaya na kinanda ningeanza kuijaribu hiyo. Willson 2900 ya Uswisi ina sauti iliyokusanyika, inakwenda mbali bila kelele. Adams ya Uholanzi inakuruhusu kuchagua unene wa bati la beli na hata nafasi kati ya mausipisi na bomba. Kwenye unene huo wa bati nina mashaka ya kweli. Mpigaji anauhisi mikononi na masikioni mwake, hilo halina ubishi. Kwamba aliyekaa benchi la kumi anausikia, sijashawishika, na nisingeruhusu jambo hilo liamue mchango wa watu.

Mpako wa fedha au wa laka (vanishi)? Kwa kanisa lililo kando ya maji kama Azania Front, ambako upepo una chumvi, nachagua fedha. Itakuwa nyeusi, lakini weusi unafutika. Laka ikishachubuka chini ya kiganja, jasho linakula zinki ndani ya shaba na kuacha madoa mekundu, na hayo hayafutiki. Usihifadhi chombo cha fedha pamoja na kitu cha mpira, kwa sababu salfa iliyomo inakiharakisha kuwa cheusi. Masika, ukishapiga, liache sanduku wazi ndani ya chumba kwa saa chache, la sivyo kitambaa chake kinashika ukungu.

Mausipisi. Shina lake lina vipimo vitatu: dogo, la kati na kubwa. Willson 2900 ya asili huchukua la kati. Nyingi za kisasa za kiwango hiki huchukua kubwa. Denis Wick 4AL ni ya shina kubwa, 4AY ni ya la kati. Ukiweka lisilo lake, linacheza au linazama, na pichi yote inavurugika kabla hujaanza kulaumu valvu.

Kupima kwenyewe kunafanyika hivi. Pasha chombo joto kwa kukipiga dakika 15. Weka B-flati ya kati sawa na kipima pichi cha simu, kisha mpe mwenzako simu aiangalie yeye, kwa sababu ukiangalia mwenyewe midomo itarekebisha bila wewe kujua. Piga F, E, E-flati na D za juu, kila moja mara tatu, ukipumzika katikati. Shuka chini hadi B bila flati kwa valvu zote nne. Chomoa slaidi ya 2 bila kubonyeza kitu: ikilia pop, pistoni zinaziba vizuri. Mwenzako aandike namba zote kwenye daftari, kwa kila chombo, hata viwili vya modeli moja, maana vinatofautiana. Ukipata kinachokaa, andika namba iliyochongwa kwenye valvu zake, na kwenye oda uiweke namba hiyo. Usikubali oda yenye jina la modeli peke yake.