Krori moja kwa mwezi si krori moja mfukoni

Nimetumiwa tena kipande cha podikasti ya biashara kutoka India. Mgeni anasema anafanya "krori moja na ushei kwa mwezi", na aliyenitumia ameongeza: "Ona, anaingiza krori kila mwezi!" Haingizi. Anauza.

Namba kwanza, haraka. Laki yetu ndiyo lakh yao, 100,000. Laki 100 ni krori, yaani milioni 10, na wao huiandika 1,00,00,000. Hizo koma si kosa la uchapaji.

Sasa tuseme mgeni anauza mkoba mtandaoni kwa rupia 1,180, GST (kodi ya mauzo ya India) ya asilimia 18 ikiwamo. Namba ni za mfano, gharama zote nimeziweka bila GST. Oda 10,000 kwa mwezi ni laki 118. Hapo ndipo mtangazaji anapotoa macho.

Lakini wanunuzi wengi India bado hulipa mzigo ukifika mlangoni, na ambaye hajatoa hata rupia hukataa mzigo bila uchungu. Simu haipokelewi, anwani imeandikwa "nyuma ya hekalu", au amebadili mawazo tu. Wenyewe huita RTO: mzigo unarudi ulikotoka, na msafirishaji analipwa kwenda na kurudi. Robo ikirudi, zimebaki oda 7,500. Katika kila 1,180, rupia 180 ni za serikali. Kwa hiyo mauzo halisi ni laki 75.

Toa mikoba 7,500 kwa 350 kila mmoja: laki 26.25. Usafirishaji wa kwenda, 70 mara 10,000, ni laki 7. Wa kurudi, 60 mara 2,500, laki 1.5. Matangazo ya rupia 300 kwa kila oda, iliyopokelewa na iliyokataliwa pia: laki 30. Imebaki laki 10.25, na bado hujalipa mshahara, pango, wala mikoba iliyorudi na mikwaruzo.

Hiyo 300 ndiyo namba ninayoiamini kidogo kuliko zote. Nani ajuaye mteja amevutwa na tangazo au ameambiwa na shemeji yake? Kiwango cha kurudi nacho hubadilika kwa bidhaa na kwa mji. Robo yangu inaweza kuwa kali au laini. Ila saa mbili za maikrofoni ni tangazo lisilolipiwa, kwa hiyo msishangae wageni hawakosi nafasi ya kuja.

Kuna ARR pia, yaani mauzo ya mwaka ya kukadiria. Mtu anachukua mauzo ya mwezi mmoja, anazidisha kwa 12. Ukichukua mwezi wa Diwali, sikukuu ambayo watu hununua sana, laki 118 zinageuka krori 14.16 "kwa mwaka". Uliza mwezi gani. Na thamani ya kampuni, ile ya baada ya wawekezaji kuingia, si pesa ya mtu yeyote mpaka hisa ziuzwe; hapo sina la kuongeza.

Si wote wanaopamba. Zerodha, kampuni ya udalali wa hisa ya ndugu Kamath, ilianza 2010 bila wawekezaji wa nje, na faida yake inasomeka kwenye hesabu zake. Kampuni yoyote iliyosajiliwa kama private limited (kampuni binafsi yenye dhima ya kikomo) huwasilisha hesabu zake Wizara ya Masuala ya Kampuni, na mtu yeyote anaweza kulipia ada ndogo akazisoma. Mwaka wao wa fedha huisha Machi 31, fomu ya hesabu za mwaka, AOC-4, huingia kuelekea mwisho wa Oktoba, hivyo mgeni wa Septemba anaweza kuwa anazungumzia mwezi uliopita huku hesabu mpya unazozipata zina umri wa miezi 18. Anayefanya biashara kwa jina lake binafsi hutamkuta humo kabisa.

Ukizipata, usianze na jumla. Tenganisha mapato ya uendeshaji na mapato mengine. Mara nyingi "mapato mengine" ni riba ya pesa za wawekezaji zilizolala benki, na mkoba haujauzwa hata mmoja.