Gharama ya saratani itokanayo na kazi: nini hasa huhesabiwa?

Ukitaja gharama ya saratani, wengi hufikiria bili ya hospitali. Kwa saratani itokanayo na kazi, bili hiyo ni sehemu ndogo tu ya hasara.

Saratani hii husababishwa na kile mfanyakazi alichovuta au kilichomgusa akiwa kazini: nyuzi za asbesto, vumbi la silika, moshi wa dizeli, benzini. Wachumi huigawa gharama yake mafungu matatu. La kwanza ni matibabu. La pili ni kipato kilichopotea, cha mgonjwa mwenyewe na cha mkewe aliyefunga genge la nyanya ili amuuguze. La tatu ni maumivu na miaka ya uhai iliyokatika, nayo hutiwa bei. Inakera, najua, lakini kisichotiwa bei huingia kwenye hesabu kama sifuri.

Fungu hilo la tatu ndilo linalozifanya tarakimu za Ulaya ziwe kubwa mno. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya vyama vya wafanyakazi vya Ulaya ilikadiria hasara ya euro bilioni 270 hadi 610 kwa mwaka, yaani asilimia 1.8 hadi 4.1 ya pato la nchi 28 zilizokuwa Umoja wa Ulaya wakati huo.

Kulinganisha kanda na kanda ndiko kwenye mtego. Kipato kilichopotea hupimwa kwa mshahara wa mahali, hivyo uvimbe uleule huonekana "rahisi" penye ujira mdogo. Tena saratani ya utando wa mapafu iletwayo na asbesto huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Huko Prieska, Afrika Kusini, wanawake walikuwa wakigonga mawe kwa nyundo kutoa nyuzi za asbesto ya bluu. Kampuni ya Kiingereza, Cape, iliondoka nchini 1979. Wagonjwa wakalazimika kuifuata hadi mahakama za London, na maafikiano yakapatikana 2003, wengine wakiwa wameshazikwa.

Kwetu Tanzania, mwangalie mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite wa Mererani, anayetoboa mwamba kwa mashine kavu, vumbi la silika likimjaa puani. Akianza kukohoa, mara nyingi hudhaniwa ana kifua kikuu. Ikiwa ni saratani ya mapafu, tena miaka mingi baada ya kuacha shimo, ni nadra daktari kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Ng'ombe huuzwa, nauli za Moshi na Dar hulipwa, mtoto huacha shule, na hakuna daftari la uchumi linaloandika kwamba chanzo ni mgodi. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na magonjwa ya kazini yamo. Ila mchango hulipwa na mwajiri, na anayechimba kwa mgawo wa mawe mara nyingi hana mwajiri wa kumchangia.