Kwa nini jiko la udongo lilikubalika

Kazi yangu ni kubuni vyombo vya nyumbani. Mtu akiniuliza chombo na mtumiaji wake wanazoeana vipi, namwonyesha jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani na kiuno chembamba, lile linalouzwa kuanzia Gikomba hadi Kariakoo.

Lilianza kusambaa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la kuweka udongo ndani ya bati lilitoka Thailand, lakini Nairobi jiko likabadilishwa umbo. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, pale mkaa unapowaka, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipotee. Nusu ya chini ni bati tupu: hapo majivu yanaanguka na hewa inaingia. Juu pana, chini pana, katikati pamebanwa.

Mtazame anayesonga ugali. Unga ukishakaza, mwiko unasukumwa kwa nguvu za mabega yote mawili, na sufuria inataka kwenda na mwiko. Jiko lenye kitako chembamba lingepinduka, na ugali wa moto pamoja na makaa vingemwagikia miguu ya mpishi au mtoto aliye karibu. Kile kitako kipana kimewekwa kwa ajili ya dakika hizo chache. Juu kuna vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria, ya chai au ya maharage. Kimlango cha chini unakifungua moto ukolee, unakifunga maharage yatokote taratibu. Mpishi alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye jiko lake la zamani la bati. Hakulazimika kujifunza kupika upya. Aliona tu kwamba mkaa unadumu zaidi.

Linganisha na jiko la jua la sanduku, ambalo wataalamu wengi wamelipigia debe kwa nia njema. Linataka upike mchana, nje, bila kufunua ovyo. Chakula kikuu cha nyumba nyingi kinapikwa jioni, na ugali haupikwi bila kufunua. Sikubaliani na wanaosema watu walikataa kwa kukosa elimu. Walikataa kwa sababu wanajua kupika.

Jambo jingine ninalolithamini sana ni fundi. Jiko hili la udongo linatengenezwa na mafundi wa jua kali kwa bati chakavu, nyundo na patasi. Udongo ukipasuka, unabadilishiwa mwingine na bati linaendelea na kazi. Ubaya wake ni kwamba kuna udongo usiochomwa vizuri. Kabla ya kununua, ugonge kwa kidole: uliochomwa sawasawa unalia, mbichi unatoa sauti iliyozibwa.

Sasa Tanzania ina lengo la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na masufuria ya presha ya umeme yanaingia majumbani. Kwa maharage na makande ni mazuri kweli. Lakini mengi yana vitufe vyenye majina ya vyakula tusivyovipika, na chungu cha ndani kinazunguka ukianza kusonga. Wenzangu mnaobuni toleo lijalo, wekeni vishikio vya kukikaza chungu hicho, kisha mpeni mwiko mama mwenye watu wanane wa kulisha, mkae pembeni mtazame.