Kumbukumbu ya hofu si kukumbuka siku uliyoogopa

Siku hizi kila mwenye kisa cha kutisha anasema ana "kumbukumbu ya hofu", na asiyekumbuka chochote anaambiwa ashukuru, amepona. Taratibu jamani. Kwa wanaochunguza ubongo, kumbukumbu ya hofu ni uhusiano ambao mwili umejifunza kati ya ishara fulani na hatari. Ishara ikirudi, moyo unakwenda mbio na viganja vinalowa, ujue sababu usijue.

Kulisimulia tukio ni kazi nyingine, na inategemea sehemu nyingine ya ubongo. Mwaka 1995 Antoine Bechara na wenzake huko Marekani waliwaonyesha wagonjwa picha za rangi. Rangi moja ilifuatwa na mlio mkali wa honi ya meli. Mgonjwa ambaye amigdala zake, yaani sehemu za ubongo zinazojifunza hofu, zilikuwa zimeharibika alieleza bila shida ni rangi gani iliyoleta honi, lakini kipimo cha jasho la ngozi hakikutikisika alipoiona. Mwenzake, ambaye kilichoharibika kwake ni hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio, alikuwa kinyume: ngozi ilishtuka vizuri tu, rangi yenyewe hakuweza kuitaja. Mimi sijaona ushahidi unaotenganisha mambo haya mawili waziwazi kuliko huo.

Msongo ndio unaozidi kuyachanganya. Ile kauli kwamba adrenalini, homoni ya mshtuko, "inachoma" tukio ubongoni inaruka hatua, kwa sababu adrenalini ya kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia ubongoni. Inaamsha neva ya vagasi, inayounganisha viungo vya ndani na ubongo, ujumbe unafika kwenye shina la ubongo, na kutoka huko noradrenalini, kemikali ya ubongo inayofanana na adrenalini, inamwagwa hadi kwenye amigdala, ambayo nayo inaihimiza hipokampasi ihifadhi. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, inafuata dakika kadhaa baadaye. Ikiwa ya kiasi inasaidia kuhifadhi. Msongo ukiwa mkali mno au wa kudumu, hipokampasi inadhoofika ilhali amigdala inazidi kuwa nyepesi kushtuka. Ndiyo maana hofu inaweza kubaki kali huku kisa chenyewe kikiwa vipande vipande.

Kwa hiyo anayekueleza ajali mwanzo hadi mwisho, mapigo ya moyo yakiwa ya kawaida, ana kumbukumbu ya ajali. Anayetokwa jasho akisikia harufu ya petroli na hana la kusimulia, huyo ndiye mwenye kumbukumbu ya hofu, na kumwambia "mbona hukumbuki kitu" ni kumwonea.